Ninyi Mnaonisoma ni Akina Nani?

Safu ya Ardhi na Sheria: maswali yenu, majibu yangu

Mwezi uliopita niliwageuzia kibao. Miaka tisa mmekuwa mkiniuliza ninyi, nikasema sasa ni zamu yangu: kila atakayeandika aniambie ni nani, yuko wapi, anafanya kazi gani, na jarida hili linamfikiaje. Zimekuja bahasha mbili za kaki zimetuna, na ujumbe wa simu hadi karani wangu ameomba chaja mpya. Zote nimezisoma. Hapa nimechukua chache. Majina nimeyaondoa kama kawaida, na penye kijiji kidogo ambacho kingemfichua mtu kwa jirani yake, nimetaja wilaya tu.

*

*Wakili, habari za kazi. Mimi ni fundi baiskeli, Ifakara. Jarida nalisoma kwa mteja wangu mmoja wa duka la dawa, naye hataki nilitoe nje. Umetuuliza sisi ni akina nani. Mimi nakurudishia: kabla hatujakwambia, wewe ulidhani sisi ni watu gani?*

Nzuri, fundi. Nitakujibu kwa kisa kimoja ambacho sijawahi kukiandika, kwa sababu kilinitia aibu.

Nilipoanza safu hii nilijua kabisa namwandikia nani. Nilikuwa namwona: mama mjane, khanga mbili, shemeji zake wamemzunguka, shamba linakwenda. Kila jibu nililiandika nikimtazama yeye. Mwaka wa tatu nikaenda kwenye baraza la ardhi kumtetea mteja, mnunuzi wa ekari sita za kijijini. Upande wa pili alisimama mzee asiye na wakili, kavaa koti zito kwenye jua la Januari, mkononi ana mfuko wa nailoni. Zamu yake ilipofika hakusema mengi. Alichomoa karatasi iliyokunjwa mara nne, inanuka mafuta ya taa, akaifungua polepole juu ya meza kama mtu anayefungua hirizi.

Ilikuwa safu hii. Nilikuwa nimeandika kwamba ardhi ya kijiji haiuzwi kwa mkataba wa watu wawili chini ya mwembe. Bila idhini ya halmashauri ya kijiji, mauziano hayo hayasimami. Mkataba wa mteja wangu ulikuwa huo huo, wa watu wawili chini ya mwembe. Mwenyekiti wa baraza akaisoma karatasi yote, akavua miwani, akaniuliza: “Wakili msomi, huyu aliyeandika hapa unamfahamu?”

Nilimfahamu. Tukaomba ahirisho, tukasuluhishana nje. Mzee alirudisha fedha kwa awamu akabaki na ekari zake, na mteja wangu, hadi leo tukikutana Soko la Chifu Kingalu, huwa anazitazama nyanya kwa makini sana.

Ndiyo siku niliyojua kwamba nilikuwa nawajua nusu tu. Mnakaa pande zote mbili za mpaka. Bahasha hizi mbili zimenionyesha zaidi: wajane wamo, na shemeji zao pia wamo. Wamo madalali, wamo wenyeviti wa mitaa, yumo askari magereza mstaafu anayezikata safu na kuzipanga kwa miaka, yumo mwalimu anayeisomea klabu ya pombe za kienyeji kila Jumamosi kabla vikombe havijazidi. Na wengi mno mnaandika kwa ajili ya mtu mwingine: bibi, dada, jirani. Na huyo rafiki yenu.

*

*Wakili, nina rafiki yangu hapa Chanika. Mwaka 2021 aliuza kiwanja kwa milioni nne. Mnunuzi akapotea, hakujenga, hata kufyeka hakufyeka. Mwaka jana rafiki yangu alibanwa na shida, akamuuzia mtu mwingine kwa milioni tisa. Sasa yule wa kwanza ametokea na lori la tofali. Rafiki yangu afanyeje? Mimi ni dereva wa daladala, nakusoma kituoni nikisubiri zamu.*

Msalimie sana rafiki yako. Hakuna msomaji mwaminifu kuliko yeye. Ananiandikia kutoka kila mkoa, na kila mara kabanwa na shida.

Mwambie hivi. Siku ile ya 2021 alipopokea milioni nne na kusaini, kiwanja kiliondoka mikononi mwake. Mtu hawezi kuuza alichokwisha kukiuza. Majani kuota juu ya kiwanja hakumrudishii muuzaji haki. Mnunuzi anaweza kukaa Mtwara miaka mitatu bila kukitazama, na bado ni chake. Kwa hiyo wa kwanza anashusha tofali zake kwa haki, na yule wa pili hana kiwanja. Ana deni tu juu ya rafiki yako.

Sasa lililo zito zaidi. Kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kujipatia mali kwa udanganyifu, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka saba. Wa pili akienda polisi kabla ya kuja kwa rafiki yako, mazungumzo yatahamia mahali ambapo mimi siwezi kusaidia kwa safu. Amtafute leo. Asimfuate na maneno ya “tuvumiliane”, amfuate na sehemu ya fedha na karatasi: deni ni kiasi gani, limebaki kiasi gani, litalipwa lini, mashahidi wa pande zote mbili. Na asijaribu kumrudishia wa kwanza milioni nne zake eti wafute biashara. Najua ameliwaza hilo. Wote huliwaza.

*

*Shikamoo wakili. Mimi ni kidato cha tatu, Kilosa. Namsomea bibi safu yako, anasema niandike kama anavyosema. Anasema: mwaka 1998 nilimkaribisha mtu shambani kwangu karibu na Mto Mkondoa, alikuja na mke na mtoto mgongoni, hawana pa kulima. Nikampa kipande. Sasa yule mtoto amekua, baba yake amekufa, anasema shamba ni lao, eti miaka 12 imepita. Baraza la Kata lilimpa ushindi mwaka 2023, ana karatasi yenye muhuri. Anasema je, nife nimenyamaza?*

Marahaba mwanangu. Msomee bibi taratibu, na ukifika mwisho wa kila fungu simama umtazame kama amelipata.

Shikamoo bibi. Tuanze na karatasi yenye muhuri. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa. Baraza la Kata lilinyang’anywa uwezo wa kuamua nani ana shamba na nani hana. Lililobakiwa nalo ni kusuluhisha. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, linatoa cheti kwamba limeshindwa, na mwenye madai anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo “ushindi” wa mwaka 2023 ulitolewa na watu waliokwisha kuondolewa uwezo wa kuutoa. Lakini usiidharau karatasi hiyo ukakaa nayo nyumbani, maana huyo kijana ataitembeza. Ipeleke wilayani, useme hapo ndipo palipoharibika.

Halafu hiyo miaka 12. Ni kweli, Sheria ya Ukomo inampa mtu miaka 12 ya kudai ardhi yake, ikipita mlango unafungwa. Ila saa hiyo haianzi kuhesabu siku ulipomkaribisha mgeni. Mkaribishwa amekaa kwa ruhusa yako, na Mahakama ya Rufani imesema zaidi ya mara moja kwamba mgeni hageuki mwenyeji kwa sababu tu amekaa sana. Saa inaanza siku alipokugeuka na kutamka kwamba ni chake. Mjukuu, muulize bibi: neno hilo alilisikia mara ya kwanza mwaka gani, nani alikuwapo? Liandike kwenye daftari leo hii.

Shida yako bibi ni ushahidi, maana mwaka 1998 hamkuandikiana. Basi tutatafuta ushahidi wa wakulima. Baada ya mavuno alikuwa akikuletea nini? Kama ni debe la mahindi kila msimu, nani alikuwa akiliona likiingia? Tena la muhimu kuliko yote: yule baba alipanda nini? Kwa mila za vijiji vingi, mkaribishwa hupanda mahindi, maharage, muhogo. Mwembe au mnazi hapandi, kwa sababu mti wa kudumu ni kauli. Kama miaka yote hiyo hakupanda mti hata mmoja, au alijaribu ukamkataza, hilo ni shahidi wako na halifi. Kama miti ipo na ulinyamaza, niambie ukweli, nisije nikakupa matumaini ya bure.

Wilayani kwenu waulizie wasaidizi wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanatambuliwa rasmi, na hawatozi. Wewe mwandishi wa bibi, hongera kwa mwandiko.

*

*Mimi nauza vitumbua Turiani. Jarida lako nalipata kama karatasi ya kufungia, kwa hiyo nakusoma vipande. Toleo moja jibu lako liliishia “lakini kamwe usithubutu” halafu pakachanika. Tangu hapo nahangaika. Nisithubutu nini?*

Kusaini karatasi ya mauziano yenye nafasi iliyoachwa wazi. Samahani kwa usumbufu wa muda wote huo. Karani anakutumia toleo zima, usilifungie mtu kitu.

*

*Assalaam aleikum dada wakili. Mimi mtu wa Tanga, nafanya kazi za ndani Muscat, mwaka wa nane huu. Binti yangu ananipigia picha kurasa zako, nasoma usiku tajiri akishalala. Nimemtumia kaka yangu fedha za kiwanja Pongwe na za kujenga, nyumba imefika lenta. Karatasi zote zina jina la kaka. Sasa wifi anasema ile ni nyumba yake ya ndoa, nikirudi nisikanyage.*

Waaleikum salaam mdogo wangu. Barua zenu kutoka Ghuba nazijua kabla sijazifungua. Daima kuna kaka, daima kuna lenta.

Kwanza nijibu swali: pasipoti yako ni ya wapi? Kama bado ni ya Tanzania, umbali haukupunguzii chochote, una haki ya ardhi kama aliyeko Pongwe. Kama umechukua uraia wa huko, uandike tena, maana sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, na asiye raia hapewi ardhi kwa masharti yale yale ya raia. Nitaendelea nikichukulia kwamba bado u Mtanzania.

Wifi ameshika kifungu cha kweli akakipeleka kusiko. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke, na kinyume chake. Ni kifungu kizuri sana, kimeokoa wanawake wengi, usikichukie. Lakini kinalinda nyumba ambayo ni ya mume. Hakimpi mume nyumba ya dada yake.

Kwa hiyo ugomvi wako hauko kwa wifi, uko kwenye swali la nani alinunua. Hapo karatasi zinamsema kaka, na wewe una fedha ulizotuma. Kila risiti ya kutuma fedha itafute. Kila ujumbe wa “hii ya saruji”, “hii ya fundi”, “mpe mwenye kiwanja amalizie” usiufute, na usibadilishe simu kabla ya kuuhifadhi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ujumbe wa aina hiyo unapokewa kuwa ushahidi. Panga kwa tarehe. Fedha zilizotumwa Jumatatu, na mkataba wa kiwanja uliosainiwa Alhamisi, vikiwekwa pamoja mezani vinazungumza.

Lakini usianze na baraza. Anza na kaka mwenyewe, mkiwa wawili, kabla shangazi na wajomba hawajaingia. Watu wengi wa aina yake hawakukusudia kuiba. Waliandika jina lao kwa sababu wao ndio waliokuwapo, halafu miaka ikapita, mke akazoea, wakashindwa kurudi nyuma. Mpe njia ya kurudi bila kuvuliwa nguo. Akikubali, asaini mbele ya wakili kwamba alinunua kwa fedha zako na kwa niaba yako, halafu mfanye uhamisho. Usipoweza kuja, tengeneza hati ya uwakilishi ithibitishwe kwenye ubalozi wetu hapo hapo Muscat, umpe mtu mwingine akusimamie. Nimesema mtu mwingine. Nimeona mtu akimtoa kaka wa kwanza na kumweka wa pili.

Akikataa, utaratibu ni ule nilioutaja kwa bibi wa Kilosa: usuluhishi Baraza la Kata, siku 30, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo husikiliza madai ya kurudishiwa ardhi yasiyozidi shilingi milioni 300. Nyumba ya lenta Pongwe haijafika huko.

*

*Wakili, mimi ni mwenyekiti wa mtaa, sisemi wapi. Umetuharibia. Tangu uandike kwamba ile asilimia kumi ya mauziano haipo kisheria, watu wanakuja ofisini na ukurasa wako. Sisi hatuna mshahara. Wino wa muhuri nanunua mwenyewe. Unajua maisha yetu?*

Mheshimiwa, nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nikaona nimekukosea mahali pamoja. Asilimia kumi siiondoi. Sheria ya Ardhi nimeipitia kifungu kwa kifungu, haimo, na mtu anayeuza kiwanja apate ada ya shule hapaswi kuacha laki nane mezani kwako ili umgongee muhuri. Kama hulipwi mshahara, ugomvi huo ni wako na waliokuweka, usiwadai wauza viwanja.

Nilipokukosea ni kwamba niliandika kana kwamba muhuri wako hauna maana. Una maana. Haumfanyi muuzaji kuwa mmiliki, hilo nalirudia, lakini wewe unajua nani analala nyumba ipi. Nina mteja aliyetaka kununua nyumba, karatasi zote safi, mimi mwenyewe nimezipekua nimezipitisha. Mwenyekiti akakataa kushuhudia. Alisema tu, “Mke wake yuko msibani Singida, akirudi tutaongea.” Mke alirudi, hakujua lolote. Mimi na elimu yangu nilikuwa nimeshapitisha! Kwa hiyo wasomaji: mwiteni mwenyekiti, mwiteni na jirani wa kila upande, waandikwe kuwa mashahidi. Kalamu na chai mlete ninyi.

*

*Nimekuwa mpima ardhi miaka 34, nimestaafu, naishi Kihonda. Mwaka jana uliandika kwamba mwenye ofa “tayari ana hati”. Nilimwaga kahawa.*

Nimestahili. Ofa, yaani barua ya toleo, ni mwaliko: umekubaliwa kupewa kiwanja kwa masharti, lipa, kubali kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa. Hati huja baadaye, yenye muda wake, miaka 33 au 66 au 99, maana ardhi yote ya nchi hii ni ya umma na Rais ndiye mdhamini, sisi tunamiliki kwa muda. Wenye ofa za miaka ya tisini zilizolala kwenye sanduku, mkimsoma mzee huyu, amkeni. Na mzee, karibu ofisini, kahawa nitalipa.

*

*Sisi ni ndugu watatu wa kiume, Muleba. Marehemu baba aliandika wosia, kibanja akampa dada yetu. Sasa dada anataka kumuuzia mtu asiye wa ukoo, na kaburi la baba limo humo. Kwa mila ya Kihaya mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Tunaomba kifungu cha kumzuia. Mimi ni mwalimu wa sekondari, safu yako naibandika ubaoni kwenye somo la uraia.*

Mwalimu, wewe ndiye yule shemeji ambaye sikujua ananisoma. Karibu, na ahsante kwa ubao.

Kifungu unachokitafuta kilikuwapo. Tangazo la Serikali namba 436 la 1963, lililoandika mila za urithi, lilisema mwanamke anaweza kupewa ardhi ya ukoo aitumie, kuiuza asiiuze. Halafu mwaka 1988 mama mmoja wa kwenu aliuza shamba alilorithishwa na baba yake kwa wosia, kwa shilingi 300,000, kwa mtu wa nje ya ukoo. Mpwa wake akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani kwako hapo hapo, akashinda. Hakimu wa wilaya akamtengua. Mpwa akapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inagongana na haki za binadamu zilizomo kwenye Katiba, na mwanamke anauza kama mwanamume anavyouza. Shamba likauzika. Mwaka 1999 Bunge likaandika katika sheria zote mbili za ardhi kwamba haki ya mwanamke ni sawa na ya mwanamume, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 20, ikabatilisha mila inayomnyima. Liandike na hilo ubaoni.

Sasa niseme kama dada yenu. Barua yako ina kurasa tatu. Umeeleza ukoo hadi kizazi cha nne, umeeleza migomba, umeeleza kikao na wazee waliohudhuria. Hakuna mahali mlipomuuliza dada bei. Hajasema hataki kuwauzia ninyi. Amesema anataka kuuza. Ninyi ni watatu, mmoja ana mshahara wa serikali. Mpeni bei ile ile anayopewa na mgeni, kwa maandishi, ikapite halmashauri ya kijiji. Mkishindwa bei, basi ombeni jambo moja linaloombeka: mkataba wake na mnunuzi uandike kwamba kaburi halitaguswa, na kwamba familia ina njia ya kulifikia. Nimeandika mikataba ya namna hiyo. Wanunuzi wengi hukubali, hakuna anayependa kugombana na kaburi.

*

*Mimi ni mwanafunzi wa sheria, Mzumbe. Wenzangu wanasema kuandika sheria kwa Kiswahili cha sokoni ni kuishusha. Pia, je, unaweza kunisimamia kesi ya mjomba wangu?*

La kwanza: tangu 2021 sheria yenyewe inasema lugha ya sheria na ya mahakama ni Kiswahili. Wenzako wamechelewa. Na neno la sokoni ndilo lililonuka mafuta ya taa barazani, Kiingereza changu hakuna mzee aliyewahi kukikunja mara nne akaja nacho.

La pili: hapana. Maadili ya uwakili yananikataza kutafuta wateja kwa kujitangaza, na safu hii ikigeuka mlango wa ofisi yangu, kesho sitawajibu ukweli. Mjomba achague wakili yeyote mwenye leseni hai ya mwaka huu.

*

Ya mwisho haina swali. Ni karatasi ya daftari la mistari kutoka wilaya ya Mvomero, imechorwa kwa kalamu ya bluu. Kuna mto, kisima, njia ya kwenda shuleni, na miti, kila mti una jina lake: mwembe, mfenesi, mwembe tena, mkungu. Majirani wameandikwa kila upande. Chini kuna alama ya dole gumba, na mwandiko wa mtoto:

*Bibi anasema hana kesi na mtu. Anataka tu karatasi hii ikae kwa mtu mwingine.*

Shikamoo bibi. Imefika, imekaa. Karani ameitoa nakala tatu: moja iko kwenye kabati langu la chuma, mbili zinarudi kwako. Moja mpelekee mtendaji wa kijiji, na siku watakapokuja kupima kwa ajili ya hatimiliki za kimila, usikae barazani kuwasubiri. Tembea nao mti kwa mti, ukiwa na hao majirani uliowaandika. Na kama kijijini kwenu Baraza la Ardhi la Kijiji lipo, lina watu saba, watatu wanawake. Nenda ujulikane nao kabla hujawahitaji.

Ila kuna kitu sikukielewa. Mti wa tatu kutoka kisimani mjukuu ameuzungushia duara, akaandika “wa Hamisi”. Miti mingine yote haina mtu. Hamisi ni jirani? Ni mkaribishwa aliyeuotesha? Au ni mtu wako, na mti ulipandwa alipozaliwa? Naomba nijibiwe kabla mvua hazijaanza, ili niandike pembeni mwa karatasi.